Homa Inaposhuka: Chembe Sahani za Damu Katika Ugonjwa wa Kidingapopo

Wafugaji wa Kimaasai wa Arash, katika tarafa ya Loliondo wilayani Ngorongoro, wamekuwa na desturi ya kutoa damu ya ng'ombe bila ya kumchinja. Mnyama hufungwa kamba shingoni mpaka mshipa mkubwa utune. Mtu mwenye shabaha huutoboa kwa mshale mfupi uliowekewa kizuizi nyuma ya ncha ili usizame mno. Damu huruka, nayo hukingwa kwenye kibuyu. Ikisha kupatikana ya kutosha kamba hulegezwa, tundu hubanwa kidogo, na ng'ombe huenda zake malishoni. Hakuna anayemshona. Wakati huohuo aliyeshika kibuyu huikoroga damu kwa kijiti bila ya kupumzika, na kijiti hicho kikitolewa huwa kimevikwa nyuzinyuzi zinazonata. Asipokoroga, damu yote itaganda kama ini.

Desturi hiyo imepungua siku hizi, lakini aliyepata kuiona hana haja ya kuelezwa kwa kirefu kwamba damu ina uwezo wa kuziba yenyewe tundu la mshipa wake. Anachohitaji kuelezwa ni kwamba kazi hiyo hufanywa na vitu viwili tofauti. Zile nyuzinyuzi za kijitini ni protini iitwayo faibrini. Lakini kabla ya faibrini kufumwa, katika sekunde za mwanzo kabisa, tundu huzibwa na chembe ndogo mno ambazo katika makala haya tutaziita chembe sahani, kwa kuwa zikitazamwa kwa darubini huonekana bapa mithili ya sahani. Ndizo zinazopungua sana mtu anapougua kidingapopo, yaani homa ya dengue, na ndizo ambazo hesabu yake huwatia hofu wagonjwa na jamaa zao pindi karatasi ya maabara inapoletwa. Nia yangu ni kueleza kwa nini hupungua, kwa nini hurudi, na kwa nini hofu hiyo aghalabu huelekezwa mahali pasipo penyewe.

UGONJWA WA PWANI, ABIRIA WA BARA

Msomaji wa Arash aweza kuuliza: ugonjwa wa pwani watuhusu nini sisi wa nyanda za juu? Swali hilo ni la haki. Virusi vya kidingapopo huenezwa hasa na mbu aitwaye Aedes aegypti, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, ambaye hupenda joto na hupenda miji. Hutaga mayai yake kwenye kuta za vyombo vyenye maji: mapipa, ndoo, vifuu, magurudumu mabovu yaliyorundikwa nyuma ya gereji. Mayai hayo yaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa, kisha yakaanguliwa mvua ya kwanza inapoyafikia. Katika ubaridi wa Loliondo mbu huyu hana raha, na hata virusi vilivyomo mwilini mwake hukua polepole.

Lakini watu husafiri. Tangu miaka mingi vijana wa Kimaasai huteremka Dar es Salaam na Unguja kutafuta kazi, wengi wao wakiwa walinzi wa usiku na wengine wasusi wa nywele. Tukumbuke kwamba mbu wa kidingapopo huuma mchana, zaidi asubuhi na alasiri kuelekea jioni. Mlinzi wa usiku hulala mchana, na mara nyingi hulala pasipo chandarua, kwa kuwa tumefundishwa sote kwamba chandarua ni cha usiku. Ni vigumu kubuni mpango wa maisha unaomfaa mbu huyu zaidi ya huo.

Jina lenyewe la dengue huenda lina asili ya Kiswahili. Daktari James Christie, aliyekuwapo Unguja wakati wa mlipuko wa mwaka 1870, aliandika kwamba wenyeji waliuita ugonjwa ule kidinga pepo, na kwamba wazee waliukumbuka mlipuko mwingine wa namna hiyo wa mwaka 1823. Wako wataalamu wanaodhani kwamba jina hilo lilivuka bahari mpaka visiwa vya Karibi, ambako ugonjwa kama huo ulizuka mwaka 1827 na 1828, na huko likapindwa na ndimi za Kihispania. Wengine, kwa kutazama jinsi viungo vya wagonjwa wa Unguja vilivyoendelea kuuma kwa muda mrefu, hudhani kwamba alichokiona Christie kilikuwa chikungunya, homa ambayo jina lake ni la Kimakonde na ambayo ilielezwa kwanza kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 katika uwanda wa Wamakonde, upande wa Newala. Kwa vyovyote vile Tanzania yaelekea kuwapa walimwengu majina mawili ya homa, zawadi ambayo sidhani kama tuliombwa.

Katika miaka yetu hii hakuna shaka ya utambuzi. Mwaka 2014 Dar es Salaam ilipata mlipuko uliothibitishwa kwa wagonjwa zaidi ya 1,000, na 4 kati yao walifariki. Mlipuko ulioanza mwaka 2018 na kupamba moto mwaka 2019 ulikuwa mkubwa zaidi: wagonjwa waliothibitishwa walipita 6,000, wengi wao wakiwa wa Dar es Salaam na wengine wa Tanga na mikoa mingineyo. Idadi hizo ni za waliopimwa tu. Aliyeugua chumbani kwake Mbagala au Manzese na kunywa dawa ya malaria hayumo.

VUMBI LA DAMU

Nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo, mwalimu wetu wa maabara alituambia tukitaka kuziona chembe sahani tutafute kile kinachofanana na uchafu wa kioo. Hakutania. Kwa muda mrefu katika karne ya 19 wataalamu walioziona waliziacha kama vumbi, mpaka Mwitaliano Giulio Bizzozero alipoonyesha mwaka 1882 kwamba vumbi hilo hukusanyika mahali mshipa ulipojeruhiwa na kuanza kuziba. Mwaka 1906 Mmarekani James Homer Wright alieleza zinakotoka: ndani ya uboho wa mifupa mna chembe kubwa mno, ziitwazo megakariosaiti, ambazo hujimega pembeni kama mkate unavyomegwa, na kila kipande kimegwacho ni chembe sahani. Chembe moja kubwa yaweza kutoa vipande elfu moja, mbili au zaidi. Kwa kuwa ni vipande tu, chembe sahani hazina kiini, na jambo hilo tutalihitaji baadaye tutakapozungumzia aspirini.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo inayotisha watu. Katika milimita moja ya ujazo ya damu ya mtu mwenye afya mna chembe sahani kati ya 150,000 na 450,000. Tuchukue mtu mwenye 250,000. Kila chembe huishi siku zipatazo 8 hadi 10. Basi kila siku sehemu moja katika kumi hufa kwa uzee, ambayo ni 25,000 kwa kila milimita ya ujazo, na uboho huleta 25,000 nyingine badala yake. Ukijumlisha damu yote ya mtu mzima, ambayo ni kiasi cha lita 5, utaona kwamba mifupa yetu hutengeneza chembe sahani zipatazo bilioni 100 kila siku, nasi hatuna habari.

Uboho hujuaje kiasi cha kutengeneza? Ini hutoa homoni iitwayo trombopoetini kwa kiwango kisichobadilika sana. Chembe sahani zilizomo katika damu huinasa homoni hiyo na kuimeza. Zikiwa nyingi, humeza karibu yote, na uboho haupati ujumbe. Zikiwa chache, homoni hubaki, huufikia uboho, na uboho hukaza kazi. Ni mpango mwepisi kuliko wowote ambao mhandisi angeubuni, na hauhitaji mtu wa kuusimamia. Homoni hii ilitambuliwa hasa mwaka 1994, ingawa kuwapo kwake kulikuwa kumebashiriwa miaka mingi kabla.

KWA NINI HUPUNGUA

Baada ya kuumwa na mbu mwenye virusi hupita siku 4 hadi 10, kisha homa huja kwa kishindo: joto kali, kichwa, maumivu nyuma ya macho, mgongo na viungo. Katika siku hizo za mwanzo virusi huingia katika uboho wenyewe na kuvuruga chembe zinazolea megakariosaiti. Uchunguzi wa uboho wa wagonjwa uliofanywa Asia tangu miaka ya 1960 ulionyesha kwamba katika siku za mwanzo uboho huwa umepooza, karibu mtupu.

Lakini rudi kwenye hesabu yetu. Uboho ukisimama kabisa kwa siku 4, mtu wetu atapoteza 25,000 mara nne. Atabaki na 150,000. Hilo si jambo la kutisha. Mbona basi wagonjwa hufika hospitali wakiwa na 40,000, au 20,000, au hata chini ya hapo? Ni wazi kwamba kuna kinachoziharibu zile zilizokwisha kutengenezwa. Kingamwili ambazo mwili huzitoa kupigana na virusi hunata pia juu ya chembe sahani, na chembe iliyonatwa hivyo huliwa na chembe walaji zilizomo katika wengu na ini, kama kwamba ni mgeni. Nyingine huamshwa pasipo jeraha lolote, hung'ang'ania kuta za ndani za mishipa na kutumika bure. Maghala yamefungwa, na huku njiani mizigo inaporwa: ndiyo maana hesabu huporomoka kwa siku mbili au tatu kama jiwe.

Hapa pana jambo ambalo, kwa maoni yangu, halielezwi vya kutosha kwa wagonjwa. Hesabu inapofika chini kabisa, kwa kawaida kati ya siku ya 4 na ya 7 ya ugonjwa, uboho huwa umekwisha kuamka. Uchunguzi uleule wa Asia ulikuta kwamba wakati huo uboho umejaa tena na unafanya kazi kupita kawaida, kwa kuwa ule ujumbe wa trombopoetini umeufikia kwa wingi. Karatasi ya maabara inayosema 22,000 yaeleza habari za jana. Kiwandani moto umekwisha kuwashwa. Uboho ulioamshwa hivyo waweza kutoa mara kadhaa ya kipimo chake cha kila siku, na ndiyo sababu hesabu hupanda kutoka 30,000 hadi 90,000 katika siku mbili, na katika juma moja au mawili hurudi ilikokuwa, bila dawa yoyote.

SIKU YA HATARI

Kama chembe sahani hurudi zenyewe, basi watu hufa kwa nini? Kwa wengi wa wanaokufa, sababu ya kwanza si damu kutoka nje, bali ni maji ya damu kuvuja ndani. Kuta za mishipa midogo kabisa, ambayo kwa kawaida huruhusu maji kidogo tu kupita, hulegea. Plazima, yaani yale maji ya damu yanayobeba chembe zote, huvujia tumboni na kifuani. Chembe nyekundu hubaki ndani ya mishipa zikiwa nzito kama uji uliokauka maji. Moyo hukosa cha kusukuma. Mikono na miguu hupoa. Shinikizo la damu huporomoka. Kutokwa damu kwingi mara nyingi hufuata baada ya hapo, mwili ukisha kukaa muda mrefu bila mzunguko wa kutosha.

Na uvujaji huu una saa yake. Huanza homa inaposhuka. Kati ya siku ya 3 na ya 7, joto linaporudi karibu na nyuzi 37 na nusu, ndipo mlango wa hatari hufunguka, nao hukaa wazi kwa saa 24 mpaka 48. Wagonjwa walio wengi hupita salama bila hata kujua kwamba walikuwa mlangoni. Wachache hawapiti. Akili ya kawaida humwambia kila mtu kwamba homa ikiondoka ugonjwa umeondoka. Kwa malaria hiyo ni kweli kiasi; kwa kidingapopo ni kinyume.

Tumfikirie kijana mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa ni wa mfano tu. Anafanya kazi ya ulinzi Dar es Salaam. Jumatatu homa inampiga. Anapimwa malaria, haonekani nayo, anapewa dawa za maumivu. Ijumaa anaamka mwili umepoa, lakini hana nguvu, tumbo linamuuma, na ametapika mara tatu. Mwajiri anamruhusu aende nyumbani kupumzika. Ndugu zake wanamchangia nauli. Anapanda basi alfajiri kwenda Arusha, zaidi ya kilomita 600. Kesho yake anachukua gari jingine lipitalo Mto wa Mbu, mji ambao jina lake halihitaji maelezo, kisha Engaresero chini ya Oldoinyo Lengai, kisha kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Wasso na hatimaye Arash. Siku mbili hizo ndizo hasa saa 48 za mlango kuwa wazi. Hanywi maji njiani, kwa sababu gari halisimami kwa ajili ya haja ya mtu mmoja. Kama kuna mpango mbaya zaidi wa kuutumia muda huo, mimi siujui, na bado umepangwa na watu wanaompenda.

Dalili zinazopaswa kumzuia asipande basi zajulikana: maumivu makali ya tumbo yasiyokoma, kutapika kusikoisha, damu kwenye fizi au puani au katika choo, kupumua kwa shida, usingizi usio wa kawaida au kuhangaika, mikono na miguu ya baridi, na kutopata mkojo kwa saa 6. Mojawapo ya hizo, homa ikiwa imeshuka au inashuka, yatosha kumpeleka hospitali iliyo karibu palepale alipo.

HESABU, MAJANI NA VIDONGE

Ni kawaida ya jamaa za mgonjwa kudai atiwe chembe sahani. Dai hilo linaeleweka, kilichopungua kiongezwe. Lakini chembe za kutiwa huingia katika damu ileile yenye kingamwili zinazonata, nazo huliwa kama zilivyoliwa za mwenyeji. Utafiti uliofanywa katika hospitali za Singapore na Malaysia, ukachapishwa mwaka 2017, uliwachukua watu wazima zaidi ya 350 wenye kidingapopo na chembe sahani 20,000 au pungufu. Kwa kura, nusu walitiwa chembe sahani na nusu wakaachwa na uangalizi tu. Kutokwa damu hakukupungua kwa namna ya kuaminika kwa waliotiwa, na madhara kama mzio yalikuwa mengi zaidi upande wao. Hivyo chembe za kutiwa huachiwa mgonjwa anayetokwa damu kwelikweli. Tena chembe sahani hukaa ghalani siku 5 hivi tu, katika joto la nyuzi 20 hadi 24, huku zikitikiswa mfululizo. Kwa hospitali ya pembezoni ni bidhaa isiyopatikana. Habari njema ni kwamba kwa walio wengi haikosekani kitu.

Kinachookoa ni maji, kwa kipimo. Mgonjwa anayeweza kunywa anywe: maji yenye chumvi na sukari ya kuzuia upungufu, uji mwepesi, maziwa, maji ya matunda, na hata ule mchuzi wa mifupa uliochemshwa kwa magome ambao wazee wa Arash humpa mgonjwa, mradi magome yasizidi mchuzi. Asiyeweza kunywa, au mwenye dalili za hatari, atiwe maji ya mshipa na mtu anayejua kuyahesabu. Mgonjwa mahututi asiyetibiwa ana hatari kubwa ya kufa. Akitibiwa vema, vifo hushuka chini ya mtu 1 katika 100.

Majani ya mpapai yana sifa kubwa siku hizi, nami sina ugomvi na mpapai. Zipo tafiti ndogo za Asia zilizoona hesabu ikipanda mapema kidogo kwa waliokunywa maji yake. Hazijaonyesha kwamba uvujaji wa plazima hupungua au vifo huzuiwa. Na hebu msomaji aikumbuke ile saa ya uboho: hesabu itaanza kupanda yenyewe siku ya 6 au ya 7. Yeyote atakayekunywa chochote siku ya 5 atakishukuru alichokunywa.

Vidonge ni jambo jingine, na hapa sina upole. Aspirini huvunja kimeng'enya ambacho chembe sahani hukitumia ili kuitana wakati wa kuziba. Kwa kuwa chembe hizo hazina kiini, haziwezi kutengeneza kimeng'enya kipya. Iliyoguswa na aspirini hubaki hivyo mpaka kufa kwake. Mtu aliyebaki na 40,000 akinywa aspirini, hana hata hizo 40,000. Ibuprofeni na diklofenaki nazo hudhoofisha kazi hiyo na kuchubua tumbo, na sindano ya msuli, inayopendwa mno mitaani, yaweza kuacha donge la damu pajani. Homa ya kidingapopo itulizwe kwa parasetamoli tu, kwa kipimo kilichoandikwa na si zaidi, kwa kuwa ini nalo limo katika mapambano.

HOMA ZISIZO NA JINA

Kule Arash mganga wa zahanati ana tatizo jingine: hajui kama aliye mbele yake ana kidingapopo. Wamaasai huiita ndigana kali ya ng'ombe oltikana, na neno hilohilo hutumika kwa malaria ya binadamu. Na sisi wenye shahada, kwa kweli, hatujawazidi sana. Utafiti uliofanywa Moshi katika hospitali za KCMC na Mawenzi kati ya 2007 na 2008 ulifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Madaktari waliandika malaria kwa 528 kati yao. Waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Wengine walikuwa na maambukizo ya bakteria, magonjwa yatokanayo na mifugo kama leptospirosi na bruselosi, na baadhi chikungunya. Kwa wilaya ya wafugaji hayo ni matokeo ya kutafakariwa.

Chembe sahani zilizopungua hazimwambii mganga huyo jina la ugonjwa. Malaria huzipunguza pia. Homa ya Bonde la Ufa huzipunguza, na watu wa Ngorongoro wana kumbukumbu yake chungu: mlipuko wa Tanzania wa mwaka 2007 ulianza katika wilaya yao mwezi Januari, baada ya mvua kubwa, kabla ya kuenea Dodoma, Morogoro na kwingineko na kuua watu zaidi ya 100 nchini. Mbu wa jamii ya Aedes walihusika huko pia, wa aina nyingine, ambao mayai yao hulala miaka katika mabonde yanayofurika. Mtu anayetokwa damu puani huku mifugo inaharibu mimba ni habari ya kupelekwa kwa mganga mkuu wa wilaya siku hiyohiyo.

Kinachotofautisha ni maswali. Umetoka wapi, na lini? Homa ilianza siku gani, na ilishuka siku gani? Aliyerudi kutoka pwani si zaidi ya majuma mawili kabla ya kuugua, akapimwa malaria asionekane nayo, ashukiwe kidingapopo. Pasipo mashine ya kuhesabu chembe, mganga ana kipimo cha shinikizo la damu. Afunge mkanda wake mkononi, aujaze mpaka katikati ya kipimo cha juu na cha chini, auache dakika 5, kisha aufungue na kuhesabu vidoa vya damu vilivyojitokeza katika mraba wa sentimita 2 na nusu. 10 au zaidi ni ishara ya mishipa dhaifu. Katika ngozi nyeusi vidoa hivyo havionekani kirahisi, basi atazame pia kaakaa na weupe wa macho. Mkanda huohuo una kazi kubwa zaidi. Tofauti kati ya kipimo cha juu na cha chini ikipungua hadi 20 au chini, tuseme 100 kwa 82, mgonjwa anavuja na anaelekea kuzimia, hata kama anaketi na kuzungumza.

KURUDI KWA NGUVU

Anayevuka saa zile 48 hupona kwa namna inayopendeza kutazama. Hamu ya chakula hurudi. Mkojo huwa mwingi, kwa kuwa plazima iliyovuja inarudi yenyewe katika mishipa. Huu ndio wakati wa kusimamisha maji ya mshipa mara moja. Mgonjwa anayeendelea kumiminiwa maji huku yale ya mwanzo yanarudi huweza kuzama mapafu, na wako waliopona kidingapopo wakauawa na chupa. Mapigo ya moyo huwa ya polepole, viganja na nyayo huwasha, na wengine hutokwa na vipele vyekundu vyenye visiwa vya ngozi safi katikati. Katika damu, chembe nyeupe hutangulia kupanda, kisha chembe sahani hufuata siku moja au mbili baadaye. Zikisha kupanda mfululizo kwa siku mbili hakuna haja ya kuzipima tena.

Uchovu hukawia. Mtu mzima aweza kukaa majuma kadhaa akiwa mzito wa mwili na wa moyo, na kijana ambaye zamani alitembea na ng'ombe kutwa asionekane mvivu kwa sababu hiyo.

Virusi vya kidingapopo ni vya aina nne. Aliyeugua aina moja hupata kinga ya kudumu dhidi ya aina hiyo, na kinga ya miezi michache tu dhidi ya nyingine. Akiambukizwa baadaye aina ya pili, zile kingamwili za zamani, ambazo haziwezi kuwaua wageni wapya, huweza kuwasaidia kuingia ndani ya chembe, na ugonjwa wa mara ya pili ukawa mkali kuliko wa kwanza. Scott Halstead alilifafanua jambo hili kutokana na wagonjwa wa Thailand katika miaka ya 1960. Dar es Salaam, aina iliyotambuliwa mwaka 2014 ilikuwa ya 2, na iliyotambuliwa mwaka 2019 ilikuwa ya 1. Mlinzi aliyeugua katika mlipuko wa kwanza akapona nyumbani Arash, kisha akarejea lindoni kabla ya mlipuko wa pili, alikuwa katika hali hiyo hasa. Na akija zahanati tena na homa, yafaa aulizwe kama alipata kuugua hivyo zamani, na mwaka gani.